Kidole cha Nyanya

Jioni hiyo nilikuwa na mambo mawili tu ya kufanya: kupeleka lita sita za maziwa pale yanapokusanywa, kwenye barabara ya kwenda Nkubu, na kununua data. Data sikuwa nimenunua tangu nyanya alipofariki. Sikutaka kuongea na mtu, na waliotaka kuniambia pole walijua nyumbani ni wapi.

Lakini mwalimu Muriuki alikuwa ameahidi matokeo wiki hiyo. Yeye ndiye aliyetufundisha Kijapani pale Embu, sisi wanane tuliotaka kwenda Japani kutunza wazee. Mtihani nilikuwa nimeshaufanya Nairobi. Nilitaka kupita kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Nikatua mtungi wangu kwenye kona ya shamba la kahawa. Nikawasha data.

Simu ikatetemeka.

Ikatulia. Ikatetemeka tena... na tena... na tena. Nilisimama pale nikihesabu. Mara kumi na nane.

Hakuna hata ujumbe mmoja uliotoka kwa Muriuki. Jumbe zote zilikuwa zimetoka kwenye programu ile ya kujizoeza kanji, yaani herufi za Kijapani. Programu inakuonyesha herufi, wewe unaiandika kwa kidole juu ya kioo, na kila siku ukifanya zoezi inakuhesabia. Ujumbe wa mwisho ulisema hivi: "Hongera, Ntinyari. Zoezi la leo limekamilika. Siku 199 bila kukosa."

Mimi sikuwa nimeifungua programu hiyo kwa siku kumi na nane.

Ilikuwepo simu moja tu nyingine yenye programu hiyo kwa jina langu, ile ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Hiyo nilikuwa nimeizika. Ilikuwa ndani ya jeneza, chini ya blanketi, miguuni pa nyanya, na ni mimi niliyeiweka huko watu wakiwa wametoka kwenda kuimba.

Ngoja nieleze, maana nikiendelea hivi mtadhani nimerukwa na akili.

Nyanya aliitwa Ntinyari, na mimi naitwa Ntinyari. Kwetu Meru mtoto hupewa jina la mzee wa ukoo, na mzee huyo humwona mtoto kama yeye mwenyewe aliyerudi. Alinilea tangu nikiwa na miaka minne. Halafu mwaka juzi akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukafa, na ulimi ukafa nao. Akabaki na macho, mkongojo, ugoro wake na mkono wa kushoto. Nyumba ikawa na watu wawili, na ni mmoja tu aliyekuwa akisema.

Nilipoanza kujifunza kanji, kila jioni nilikuwa na tatizo la kukamua. Saa za kukamua ndizo saa za zoezi, na sikutaka hesabu yangu ya siku ikatike. Nikawa namwachia nyanya simu ile ya zamani. Programu ilikuwa ikimwonyesha mstari wa kufuata, naye anaufuata kwa kidole cha kushoto. Nilianza kwa mzaha. Mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga darasani, hajui hata A, anaandika Kijapani jikoni Nkubu.

Kumbe alikuwa anashika.

Siku moja nilirudi na ndoo, akanivuta mkono, akanichorea kwenye kiganja. 水. Maji. Nikamletea kikombe, akanywa, akacheka kwa ule upande wa uso uliobaki. Nikalia, sitaficha. Zaidi ya mwaka alikuwa hajaweza kuniomba kitu.

Tangu hapo tukawa na lugha yetu. Aliandika mdomo akiwa na njaa. Aliandika moto akisikia baridi. Lakini maji aliyaandika kwa njia yake mwenyewe. Wajapani huanza na mstari wa katikati, ule wenye ndoano, ndipo wanaenda pembeni. Nyanya alianza pembeni, akamalizia katikati, na ndoano yake ilikuwa na mkia mrefu unaotetemeka. Programu ilimkosoa kila siku. Naye kila siku aliipuuza.

Kwa hiyo jioni ile pale kwenye kahawa, nilipofungua kumbukumbu za programu, nilijua la kutafuta.

Siku kumi na nane. Kila siku herufi moja. Kila siku saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, saa ileile aliyokuwa akiandika mimi nikikamua. Hata zile siku mwili ulipokuwa mochari.

Nikabonyeza ili nione jinsi ilivyoandikwa. Mistari ikaanza kujichora yenyewe, polepole.

Pembeni kwanza.

Halafu katikati... na mkia ukatetemeka hadi chini.

Maziwa sikuyafikisha. Niliyaacha palepale nikakimbia.

Niliambia kila mtu kwamba nyanya alikufa usingizini. Niliwaambia nilikuwa nimeenda Nairobi Jumapili asubuhi, gari likaharibika Embu, nikafika nimechelewa. Mjomba Mithika, ndugu yake mama, ndiye aliyesimamia mazishi, na aliamini. Kwa nini asiamini? Mimi ndiye niliyemwosha nyanya kwa miaka miwili bila kununa.

Ukweli ni kwamba niliondoka Jumamosi alfajiri nikarudi Jumatatu.

Hakuna mtu niliyemwambia. Huku kwetu mtu hatangazi safari ya ng'ambo kabla hajapanda ndege. Kuna macho, na kuna mikono inayofukia vitu kwenye vizingiti vya watu. Na jirani yetu alikuwa Kathure, mjane anayeishi peke yake ng'ambo ya ua, ambaye kila mtu alisema ni mchawi. Mtoto akiharisha, ni Kathure. Ng'ombe akitupa mimba, ni Kathure. Niliogopa akisikia neno Japani hata mtihani sitaufikia. Nikamwomba kijana wa ng'ambo ya barabara akamue ng'ombe, nikamdanganya naenda matanga. Nikamwambia pia kwamba naenda na nyanya. Nyumba nikaifunga kwa kufuli nje, kwa sababu nyanya alikuwa na mazoea ya kutoka akaelekea mtoni. Nilijua Jumamosi jioni nitakuwa nimerudi.

Jumamosi jioni Muriuki akasema kuna mahojiano Jumapili kwa watakaobaki.

Nikabaki.

Jumatatu saa nne asubuhi nilifungua mlango. Alikuwa amelala sakafuni, mkono wa kushoto ukielekea kizingitini, simu ile kando yake. Ilikuwa haina mtandao wakati wote huo. Iliposhika mtandao wa simu yangu, yote aliyoandika yakaja kwangu kwa mara moja.

Aliandika maji. Jumamosi na Jumapili, mara mia mbili na kumi na nne.

Nilikaa sakafuni nikaangalia namba hiyo kabla sijamwita mtu yeyote. Mtu mwema angelia kwanza. Mimi nilifikiria kwanza kwamba simu hiyo ikionekana, safari imekwisha, na ukoo wote utanikalia kikao cha laana. Nikaizima. Siku ya mazishi nikaizika naye.

Sasa nilikuwa nimefika nyumbani nikitweta, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kaburini kuona kama limefukuliwa. Halikuwa limeguswa. Mvua ya Aprili ilikuwa imenyesha tangu saa nane, shamba lote lilikuwa tope, migomba ilikuwa ikidondosha maji.

Udongo wa kaburi ulikuwa mkavu.

Niliinama nikaushika. Ulimwagika kati ya vidole kama majivu. Nikarudi nyuma hadi kwenye migomba. Mimi si mtu wa kuogopa ovyo, nimeosha maiti tatu maishani mwangu.

Usiku huo nilibadilisha neno la siri na kuitoa ile simu ya zamani kwenye programu. Kesho yake nikasali, nikakamua mapema, nikakaa jikoni nikiangalia saa ya ukutani. Saa kumi na mbili na nusu... na dakika thelathini na tano...

Ikatetemeka.

Siku 200. Hii haikuwa maji. Ilikuwa 口, mdomo. Na chini yake, mdomo tena. Na tena. Kioo kilijaa midomo iliyo wazi, mpaka hapakubaki nafasi.

Nikasikia harufu ya ugoro.

Nikatoka nje, na ndipo nikamwona Kathure. Alikuwa amesimama kwenye ua wa majani, upande wake, shuka kichwani. Kwa kawaida ningegeuka nirudi ndani. Siku hiyo nilikuwa nimeogopa kitu kikubwa kuliko yeye.

"Ntinyari," akanong'ona. "Kuja kidogo. Mimi siwezi vuka huko kwenu, unajua vile watu wanasema."

Nikasogea.

"Hiyo Saturday na Sunday wewe ulikuwa wapi?"

"Jumamosi nilikuwa hapa, mama."

"Haukuwa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka. "Mimi nilisikia mtu akikwaruza mlango. Jioni ya kwanza. Jioni ya pili tena, hata nguvu imepungua. Nikakuja. Mara hii moja nikavuka, nikasema wacha waniite mchawi."

Nilijua anachotaka kusema. Ni kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, na hata hapa nilikuwa nimekikwepa.

"Nikaona ile jagi," akasema. "Imejaa maji, imewekwa hapo kwa mlango, hakuna mtu. Nikajua ni dawa. Huku wameniwekea dawa mara ngapi? Wanaweka maji kwa njia, ati mchawi akiruka anakufa. Nikarudi mbio." Akajifuta uso na shuka. "Sasa si uniambie. Ilikuwa dawa?"

Nilitazama kizingiti chetu.

"Ntinyari. Ilikuwa dawa?"

"Hapana, mama," nikasema. "Ilikuwa maji yake."

Alinitazama, akageuka, akaenda nyumbani kwake akiburura miguu. Tangu siku hiyo hajanisemesha. Miaka yote tulimwita mchawi, na jioni hiyo yeye ndiye aliyenikimbia.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Alfajiri ile nilimwamsha nyanya anibariki. Mzee wetu akikubariki kwa safari anakutemea mate kwenye viganja, nawe unajipaka kifuani, basi unaenda umefunikwa. Nilipiga magoti, nikakinga mikono. Akajaribu. Hakuna kilichotoka. Mdomo ulikuwa umekauka, labda ni dawa za presha. Akajaribu tena. Kisha akakichukua kiganja changu akaandika.

Maji.

Bodaboda ilikuwa inapiga honi barabarani. Nikasema, "Ngoja cucu, nakuletea." Ndani maji yalikuwa yamekwisha, nikaenda kwenye tangi nje, nikajaza jagi. Honi tena. Nikalitua jagi kizingitini ili nishike kufuli kwa mikono miwili, kwa sababu kufuli letu ni gumu. Nikafunga.

Nikaenda.

Lilikuwa palepale Jumatatu. Limejaa, nyuki mmoja akielea juu. Chini ya mlango wetu kuna uwazi wa vidole vitatu. Aliliona siku mbili nzima.

Siku tano baada ya maneno ya Kathure, Muriuki alipiga simu. "Ntinyari, umepita. Yaani wewe ndio number two. Interview pia wamekubali. Anza kutafuta passport." Nikasema asante, mwalimu. Nilikuwa na furaha, na nilijichukia kwa kuwa nayo.

Jioni hiyo nilibeba mitungi minne ya maji hadi kaburini. Nikamimina wa kwanza. Udongo ukanywa wote, na haukubadilika rangi. Wa pili. Wa tatu. Sauti ilikuwa inatoka chini, ndogo, ya mtu anayemeza.

Glu... glu... glu...

Nikamimina wa nne huku nikiongea. Nilisema yote. Mahojiano, kufuli, jagi, simu, uongo wa Embu. Nikamwambia nilimpenda, na ilikuwa kweli, na nikamwambia kwamba siku mbili zile nilikuwa nimemsahau, na hiyo pia ilikuwa kweli. Kisha nikapiga magoti kwenye tope, nikakinga viganja vyangu kama alfajiri ile.

Migomba ikaacha kudondosha.

Kisha viganja vyangu vikawa na joto.

Nilivitazama. Vilikuwa na mate. Yalikuwa yananuka ugoro.

Simu ikatetemeka mfukoni. Siku 205. Herufi moja tu, ambayo hatukuwahi kufundishana: 行. Kwenda.

Nilijipaka kifuani, nikalia mpaka giza likaingia. Asubuhi yake udongo wa kaburi ulikuwa umelowa kama wa shamba lote, na programu haikutuma ujumbe tena. Sikumwambia Mithika ukweli. Nilimwambia naenda Japani tu, na akachinja mbuzi. Nikajiambia kwamba kama mwenye kukosewa amenisamehe, walio hai hawanidai maelezo. Ni rahisi kujiambia hivyo ukiwa na tiketi.

Miezi mitano baadaye nikaondoka.

Sasa niko hapa. Ni nyumba ya wazee, safi, kimya, harufu ya sabuni. Nimepewa wazee sita. Mmoja wao ni mama wa miaka tisini na moja, amepata kiharusi upande wa kulia, hasemi. Alikuwa mwalimu wa shule zamani. Wenzangu wanasema tangu aletwe hakuwahi kumshika mtu mkono.

Jioni yangu ya kwanza nilikuwa nafunga mapazia. Akaninyooshea mkono wa kushoto. Nikampa kiganja changu, nikatabasamu vile tulivyofundishwa.

Akaandika maji.

Alianza pembeni. Akamalizia katikati, na mkia ukatetemeka hadi kwenye kifundo cha mkono wangu.

Mwalimu wa shule. Mjapani. Miaka tisini na moja.

Nilimletea maji, akanywa. Akafungua mdomo kunionyesha, na ndani ulimi ulikuwa umekauka, umepasuka. Nikaleta tena. Akanywa yote. Akaandika tena. Daktari anasema hana ugonjwa wowote wa kiu. Ananiandikia mimi tu, jioni tu, na saa ya ukutani huwa inasoma saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nimeomba nibadilishiwe chumba mara mbili. Wamesema mama huyo ametulia tangu nije, wananishukuru.

Kwa hiyo nampa maji. Sijawahi kumkosesha hata siku moja, na sitatoka karibu naye nikiwa na kikombe mkononi, hata jengo liwake moto. Nilianza kuhesabu tangu jioni ya kwanza, mara anazoandika, kwa alama za kalamu nyuma ya daftari langu la kanji. Nyanya aliishia mara mia mbili na kumi na nne.

Jana ilikuwa ya mia mbili na kumi na tatu.